Kipa wa Belcourt na mwalimu aliyepanda ngazi kumwona bibi

SHABIKI wa Yanga hahitaji kukumbushwa Februari 24, 2024. Usiku ule Uwanja wa Benjamin Mkapa ulilipuka mara nne, CR Belouizdad ya Algeria ikala nne bila majibu na Wananchi wakatinga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Raha ilizidi kwa sababu miezi mitatu nyuma, kule Algiers, Yanga ndiyo iliyokuwa imepigwa 3-0.

Sasa Belouizdad, kwa wasiojua, ni jina la mtaa. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini ndani ya jiji la Algiers, na ulipewa jina hilo kwa heshima ya Mohamed Belouizdad, mmoja wa vijana waliopigania uhuru wa nchi hiyo. Enzi za Mfaransa mtaa huohuo uliitwa Belcourt. Na pale Belcourt, miaka karibu mia moja iliyopita, kulikuwa na kipa mmoja mwembamba aliyekuwa anadaka huku akiogopa viatu vyake visichakae.

Kipa huyo hakuwahi kuvaa jezi ya timu ya taifa. Mpira wake uliisha akiwa na miaka 17. Lakini Desemba 1957 alisimama Stockholm mbele ya Mfalme wa Sweden akapokea Tuzo ya Nobel ya Fasihi, akiwa na miaka 44 tu. Kabla yake ni Mwingereza Rudyard Kipling peke yake aliyewahi kuipata akiwa na umri mdogo zaidi. Jina lake ni Albert Camus. Tukilitamka Kamyu tutakuwa tumekaribia.

Watu wa vitabu wameandika mengi juu yake, na huko Ulaya mashabiki wanavaa fulana zenye maneno yake kuhusu soka. Mimi leo sitaki kwenda huko. Nataka kumwelezea mtu aliyekuwa nyuma yake, mtu ambaye hakuna fulana iliyochapwa jina lake. Ni mwalimu wake wa shule ya msingi, Louis Germain.

Kwenye soka letu kocha tunamwita mwalimu, na hatujakosea. Nenda kwa mchezaji yeyote wa Ligi Kuu aliyepitia UMITASHUMTA na UMISSETA, muulize nani alimwona kwanza. Mara nyingi atakutajia mwalimu wa shule aliyekuwa na filimbi moja, mpira mmoja na vipindi vya hesabu juu yake. Ndiyo maana habari ya Camus, pamoja na Uzungu wake wote, ukiisoma unaona kama ni ya mtu wa hapa jirani.

BABA ASIYEMKUMBUKA

Camus alizaliwa Novemba 7, 1913 katika mji mdogo wa Mondovi, mashariki mwa Algeria. Baba yake, Lucien, alikuwa mfanyakazi kwenye biashara ya mvinyo. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipuka, Lucien akaitwa jeshini na kupelekwa Ufaransa, nchi ambayo alikuwa akiisikia tu. Alijeruhiwa kwenye mapigano ya Marne, akafia hospitalini katika mji wa Saint-Brieuc, Oktoba 1914. Mtoto alikuwa hajatimiza hata mwaka mmoja.

Mama, Catherine, alibaki na watoto wawili wa kiume, akawa anaishi nao kwa mama yake mzazi pale Belcourt. Alikuwa hasikii vizuri, anaongea kwa shida, hajui kusoma wala kuandika. Kazi yake ilikuwa kufanya usafi kwenye nyumba za watu. Nyumba ya ghorofani waliyoishi ilikuwa ndani ya jengo la kupanga Mtaa wa Lyon, nao walibanana humo: bibi, mama, mjomba Étienne ambaye alikuwa fundi wa mapipa na naye alikuwa na tatizo la kuongea, kaka mkubwa Lucien, na Albert. Umeme hakuna. Maji ndani hakuna. Kitabu hakuna hata kimoja.

Aliyeshika usukani ni bibi. Na bibi huyu hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa na kiboko, alikitumia, na hakuna aliyethubutu kumwingilia, hata mama wa mtoto. Ukisoma alichoandika Camus baadaye, unaona kwamba hakumchukia. Alielewa kwamba bibi aliwahi kuzika mume, aliwahi kulea kundi la watoto kwa mikono yake, na kwamba nyumba ile bila mkono mgumu ingesambaratika.

VIATU

Kitu kikubwa kati ya bibi na mjukuu kilikuwa viatu. Uwanja wa shule ulikuwa wa saruji na watoto walicheza mpira pale wakati wa mapumziko. Saruji inakula soli. Bibi alipiga marufuku mpira, na jioni mtoto akirudi alimwambia ageuze miguu ili akague soli. Zikiwa zimelika, kiboko kilifanya kazi yake.

Inasimuliwa kwamba hapo ndipo ukipa ulipoanzia. Kipa hakimbii sana, kwa hiyo soli zake zinadumu. Sijui kama hiyo ndiyo sababu pekee, maana kila aliyewahi kudaka anajua kuna kitu kingine kinachokuvuta kule golini, kitu cha kutaka kubaki peke yako na lawama zako. Lakini kwa umaskini wa nyumba ile, hesabu ya soli inaingia akilini kabisa.

Kwetu Masama, huku Hai, hesabu hiyo tunaijua. Viatu vya shule ni vya shule na kanisani, ukikutwa navyo uwanjani umekwisha. Tulicheza peku, mpira wenyewe ukiwa wa makaratasi au majani makavu ya mgomba uliofungwa kamba, kwenye kiwanja kilichoinama kuelekea bondeni. Kipa wa upande wa chini ndiye aliyekuwa na kazi kuliko wote, kwa sababu akifungwa mpira unaanza safari kupitia kwenye kahawa za watu, na sheria ilisema aliyefungwa ndiye anayeufuata. Nadhani ndiyo sababu makipa wa mlimani wana pumzi.

MWALIMU GERMAIN

Shule ya msingi ya Mtaa wa Aumerat ilikuwa palepale Belcourt. Darasa la mwisho lilikuwa mikononi mwa Louis Germain, aliyezaliwa 1884. Naye alikuwa amekwenda vita ileile iliyomuua baba yake Camus, tofauti ni kwamba yeye alirudi. Mbele yake, kila mwaka, walikaa watoto ambao baba zao hawakurudi, na hilo hakulisahau. Camus ameandika kwamba mwalimu yule aliona ana deni kwa wenzake waliobaki kwenye mahandaki, na akawa analilipa kwa watoto wao.

Asikudanganye mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na rula nene, na mwenye kosa alichapwa nayo matakoni mbele ya darasa zima. Watoto walimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja. Sababu ya kumpenda ni kwamba darasa lake halikuchosha. Alikuwa anawaonyesha vitu, anawasimulia, anawachukulia kama watu wenye akili. Alikuwa na kawaida ya kuwasomea kwa sauti riwaya ya Roland Dorgelès kuhusu maisha ya askari vitani. Siku alipofika mwisho wa kitabu, kwa jinsi Camus alivyolisimulia tukio hilo, mtoto mmoja kwenye dawati la mbele alikuwa analia bila kujizuia. Miaka mingi baadaye, mtoto akiwa mtu mzima amerudi kumsalimia, mwalimu alifungua kabati, akatoa kitabu kilekile na kumkabidhi kiwe chake.

Ilikuwa 1924. Watoto wa Belcourt wakimaliza shule ya msingi walikwenda kazini: kwenye karakana, bandarini, madukani. Sekondari ilikuwa ya watoto wa wenye nazo, isipokuwa ufaulu mtihani wa kupata ufadhili. Germain aliwachagua vijana wachache aliowaona wanaweza. Kila siku baada ya masomo ya kawaida alibaki nao saa mbili zaidi akiwanoa kwa ajili ya mtihani huo. Hakuwatoza hata senti. Kwa lugha yetu ya michezoni, aliwafungulia kambi.

Hapa lazima niseme jambo moja, maana tukiliruka tutakuwa tunadanganyana. Nafasi hiyo, hata kwa shida zote, ilikuwa ni ya watoto wa Kizungu zaidi. Watoto wengi wa Kiarabu na Kiberberi wa Algeria, ambao ndio wenye nchi, hawakufika hata kwenye mlango wa shule ya msingi. Mwaka huohuo wa 1924, mtaani palepale Belcourt, alizaliwa yule Mohamed Belouizdad ambaye leo timu ina jina lake. Mtaa mmoja, lakini ngazi ya kupandia haikuwa moja.

BIBI ANAKATAA

Mwalimu anaweza kukunoa mpaka ung'ae, lakini nyumbani wakisema hapana, ni hapana. Bibi alisema hapana. Kaka mkubwa alikuwa anaelekea kutafuta kipato, na Albert naye alitakiwa aingie kazini alete mshahara. Miaka mingine sita au saba ya kumlisha mtu anayesoma tu, nani ataigharamia? Na ukiwa mkweli, bibi hakuwa mjinga. Alikuwa anapiga hesabu za mkate wa kesho.

Mtoto alirudi shuleni na majibu hayo. Germain hakutuma barua, na hata angetuma nani angeisoma? Alivaa kofia yake akaenda mwenyewe nyumbani kwao.

Sisi tuliokulia vijijini tunajua uzito wa jambo hilo. Mwalimu akionekana anakata kona kuingia kwenye njia ya kihamba chenu, mioyo yote inasimama, na mtoto anaanza kukumbuka makosa yake moja baada ya jingine. Mwalimu haji nyumbani kwa mtu kunywa chai tu. Sasa fikiria kwenye nyumba ile ya Belcourt ambako hakuna mgeni wa maana aliyewahi kupanda ngazi zile. Bibi alimpokea akiwa amevaa aproni yake ya bluu. Kijana alitolewa nje akacheze.

Kilichosemwa ndani kilikuwa cha watu wazima. Kilichojulikana ni matokeo: mwalimu alieleza kuhusu ufadhili, akasema masomo ya ziada atatoa bure, akamweleza bibi mtoto huyu ni wa namna gani. Bibi, ambaye hakuwahi kubadilishwa mawazo na mtu ndani ya nyumba ile, akabadilika.

Siku ya mtihani Germain aliwapeleka vijana wake mwenyewe hadi kwenye lango la sekondari kuu ya Algiers, akawanunulia mikate ya asubuhi, akawatuliza, akawasubiri. Umeona makocha wanavyozunguka kwenye mstari wakati wa penalti? Ndivyo alivyokuwa. Camus alifaulu. Kwa maelezo ya Camus, furaha ile ilichanganyika na huzuni, kwa sababu mwalimu alimfahamisha kwamba kuanzia sasa atakuwa na walimu wanaojua zaidi yake, na kijana akajikuta amesimama mtaani akimwangalia akiondoka.

GOLINI RUA

Sekondari ilikuwa upande wa pili wa jiji, akawa anakwenda kwa tramu kila siku. Huko ndiko alikokutana na dunia nyingine. Siku za mwanzo walipewa fomu ya kujaza kazi ya mzazi. Aliandika kwamba mama yake ni mtumishi wa nyumbani, akaona aibu, halafu papo hapo akaona aibu kwa kuona aibu. Jambo hilo lilimkaa mpaka uzeeni, kama tunaweza kuita uzee umri aliofika. Wakati wa likizo bibi alimtafutia vibarua: duka la vifaa vya chuma, ofisi ya wakala wa meli. Fedha ilienda mezani kwa bibi.

Na mpira uliendelea. Alianza na timu ya Montpensier, kisha akajiunga na vijana wa Racing Universitaire d'Alger, ambayo kila mtu aliiita RUA. Jezi zao zilikuwa za bluu ya mbingu na nyeupe. Baadaye, miaka ya 1950, aliandika makala kwenye jarida la klabu hiyo akikumbuka siku zile: Jumapili zilivyokuwa hazifiki, mazoezi ya katikati ya wiki, mabeki wakorofi wa Hussein Dey, na straika mmoja wa Boufarik mwenye mwili uliojaa aliyekuwa akimwangukia kipa kwa uzito wake wote. Aliandika pia kwamba alichojifunza mapema golini ni kuwa mpira hauji kutoka upande unaoutegemea, na kwamba hilo lilimsaidia sana maishani, hasa alipofika kwenye miji mikubwa ambako watu si wanyoofu. Makala hiyohiyo ndiyo yenye maneno yaliyochapwa kwenye fulana, yale anayosema kwamba elimu yake kuhusu maadili na wajibu wa binadamu anaidai kwa soka.

Mwishoni mwa 1930 alianza kutema damu. Kifua kikuu. Wakati ule ugonjwa huo haukuwa na dawa ya uhakika, na kwa maskini wa Belcourt ulikuwa kama hukumu. Mohamed Belouizdad, yule wa jina la timu, kifua kikuu ndicho kilichomuua mwaka 1952 akiwa bado kijana. Camus alilazwa, akatolewa kwenda kwa mjomba wake aliyekuwa na bucha, ambako angalau nyama ilikuwepo, na vitabu vilikuwepo. Alipona kiasi. Lakini golini hakurudi tena.

Wakati yupo kitandani, kuna mtu alipanda gari kwenda kumwona mtaani kwake. Alikuwa ni mwalimu wake mwingine, Jean Grenier, aliyekuwa akimfundisha falsafa sekondari. Huyu naye ana sehemu yake, ndiye aliyemsukuma kuandika, na Camus alimpa heshima ya kitabu chake cha kwanza mwaka 1937. Kama ni timu, Germain ndiye aliyemtoa mtaani, Grenier akampandisha kikosi cha kwanza.

Mapafu yale yalimfanyia ubaya mwingine. Camus alitaka kuwa mwalimu wa serikali. Alipimwa afya, akakataliwa. Akaangukia kwenye kazi yetu hii ya magazeti. Mwaka 1939 alikwenda Kabylia, milimani, akaandika mfululizo wa habari kuhusu njaa ya watu wa kule, watoto wakigombea takataka na mbwa, wakati serikali ya kikoloni ikijifanya haioni. Wakati wa vita aliingia Ufaransa, akaandika kwenye Combat, gazeti la siri la waliokuwa wakipinga Wajerumani. Mwaka 1942 ikatoka riwaya ya L'Étranger, mwaka 1947 ikatoka La Peste, yaani Tauni. Hata humo mpira haukumtoka: kuna mhusika ni mchezaji wa soka, na uwanja wa mpira unageuzwa kambi ya kuwatenga walioshukiwa kuambukizwa.

OKTOBA 1957

Oktoba 16, 1957 habari ikafika Paris kwamba Nobel ni ya Camus. Mwenyewe alishtuka, akasema wazi kwamba ilistahili kwenda kwa André Malraux. Kelele zikaanza, waandishi, simu, barua, na wapinzani wake wakisema ameshamalizika.

Wiki moja baadaye, Oktoba 23, unajua alikuwa wapi? Jukwaani Parc des Princes, akiangalia Racing Paris na Monaco. Alisema alikuwa anaishabikia Racing ya Paris kwa sababu jezi zao zinafanana na za RUA ya utotoni. Kamera ya televisheni ilimfuata katikati ya watu, na video hiyo ipo hadi leo. Kipa wa Racing alikuwa ameboronga, bao limeingia, na mwandishi akamuuliza Camus, kama kipa wa zamani, maoni yake. Mshindi wa Nobel akamtetea kipa. Alisema asilaumiwe, kwani ugumu wa kazi ile anaujua aliyewahi kusimama katikati ya milingoti. Hakuongeza mengi. Kila nikiiona video ile nawakumbuka makipa wetu wanaotukanwa kwenye mitandao kabla hata mechi haijaisha.

Camus aliacha kelele zitulie kidogo. Novemba 19 akakaa, akamwandikia barua mzee Germain kule Algiers.

Barua yenyewe ni fupi, haijai hata ukurasa. Anamwambia mwalimu wake kwamba amepewa heshima kubwa ambayo hakuiomba. Kwamba habari ilipomfikia, mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa mama yake, na baada ya mama, yeye Germain. Anamwambia kwamba bila mkono wake ulionyooshwa kwa mtoto maskini, hakuna hata kimoja cha haya kingetokea. Anasema hataki kuikuza heshima ile, lakini anaitumia kama nafasi ya kumwambia kwamba kazi yake bado inaishi ndani ya mmoja wa wanafunzi wake wadogo, ambaye pamoja na umri hajaacha kuwa mwanafunzi mwenye shukrani.

Hakuishia hapo. Hotuba alizozitoa Sweden zilipotoka kama kitabu mwaka 1958, ukurasa wa kutunuku ulikuwa na jina la Louis Germain. Si rais, si mchapishaji. Mwalimu wa shule ya msingi ya Belcourt.

Sitamfanya malaika. Wakati huohuo Algeria ilikuwa inawaka moto kwa vita ya ukombozi, na Camus hakuunga mkono uhuru kamili. Alitaka Waarabu na Wazungu wabaki pamoja kwa haki sawa, pande zote zikamwona hafai, na mwishoni akanyamaza. Wanasoka wenzake hawakunyamaza. Aprili 1958 Rachid Mekhloufi wa Saint-Étienne na Mustapha Zitouni wa Monaco, tena Monaco hiyohiyo, walitoroka Ufaransa kwa siri na wenzao wakaunda timu ya wapigania uhuru, wakitupa nafasi ya kucheza Kombe la Dunia la mwaka ule. Mimi kwa upande huo nipo na Mekhloufi na Zitouni, moja kwa moja. Lakini shukrani ya Camus kwa mwalimu wake haihitaji awe sahihi kwenye kila kitu.

MAJIBU YA MZEE

Germain alikuwa na barua zake pia. Ile inayojulikana zaidi aliiandika Aprili 30, 1959, baada ya kupokea kitabu kilichoandikwa kuhusu Camus. Mzee wa miaka sabini na kitu, anamwandikia mtu wa Nobel, na bado anamwita mtoto wake mdogo.

Kuna jambo moja kwenye barua hiyo lililonigusa kuliko yote. Germain anasema hakuwahi kujua hali halisi ya nyumbani kwa kina Camus. Mtoto alikuja shuleni msafi, mchangamfu, anaonekana ana furaha ya kuwepo darasani, uso wake haukusema kitu. Alianza kuhisi tu siku mama alipokuja kwa ajili ya kumwandikisha mtihani wa ufadhili. Maana yake ni kwamba mwalimu hakumsaidia kwa sababu ya huruma ya umaskini. Alikuwa ameona akili, basi. Anaeleza pia kwamba katika kazi yake yote alijitahidi kuheshimu kilicho kitakatifu kwa mtoto, yaani haki yake ya kuutafuta ukweli mwenyewe, ndiyo maana hakuwahi kuwahubiria watoto imani yake.

Pesa za Nobel Camus alinunulia nyumba Lourmarin, kijiji cha kusini mwa Ufaransa, ambako Jumapili alikuwa akienda kuwaangalia vijana wa kijiji wakicheza. Pale alianza riwaya mpya kuhusu utoto wake: Belcourt, bibi, kiboko, viatu, saruji, mwalimu.

Januari 4, 1960 alikuwa anarudi Paris. Alikuwa na tiketi ya treni mfukoni, lakini rafiki yake Michel Gallimard alimpa lifti. Karibu na Villeblevin gari liliacha barabara likagonga mti. Camus alifariki palepale, miaka 46. Mama yake alifariki miezi michache baadaye mwaka huohuo. Germain aliishi hadi 1966. Ile barua ya Novemba ingesubiri kidogo tu, ingekosa mwandishi.

Kwenye eneo la ajali ulipatikana mkoba wenye kurasa 144 za mwandiko wa mkono, za haraka, bila koma wala nukta sehemu nyingine. Ilikuwa ile riwaya. Familia iliitunza zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 1994 binti yake, Catherine, akaitoa kwa jina la Le Premier Homme. Barua ya Camus kwa Germain na ile ya Germain kwa Camus ziliwekwa mwishoni.

Humo ndani Camus aliwabadilisha watu majina, kama waandishi wa riwaya wanavyofanya. Yeye mwenyewe alijiita Jacques, na mwalimu alimpa jina la Bernard. Lakini kuna mahali mkono ulisahau, na badala ya Bernard ukaandika Germain. Wachapishaji walipaacha hivyohivyo.